Wikiendi Tumeikopa Jina Tu

Neno wikiendi tulilichukua kwa Waingereza, tukalipa sauti ya Kiswahili, likakaa vizuri mdomoni. Siku hizi hata bibi wa Buseresere atakwambia, "Njoo wikiendi tuongee." Ila kitu chenyewe hatukukichukua. Tulibeba jina, mzigo tukauacha bandarini.

Nasema hivi kwa sababu tangu nirudi kutoka Australia, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu dhahabu, wala mishahara, wala kangaruu. Linahusu picha. "Wewe ulienda kusoma au kutembea? Jumamosi uko kwenye meli, Jumapili uko kwenye treni!" Shangazi yangu hapa Buseresere ameuliza hivyo. Washikaji niliosoma nao Mlimani, ambao sasa wana ofisi zenye kiyoyozi Dar es Salaam, wameuliza vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao walitanguliza "duh!"

Wote wanasema jambo moja bila kulitamka: kutembea ni anasa, na Wazungu wanayo kwa sababu ni Wazungu. Leo naomba nibishane nao wote kwa mpigo. Kaeni vizuri.

Nianze na maisha yenyewe ya kule. Nilikaa Perth, mji mkuu wa jimbo la Australia Magharibi. Mchana chuo, jioni kibarua. Kibarua changu kilikuwa kusafisha ofisi na vyoo vyake, kwa hiyo asije mtu akadhani nilikuwa naishi kifalme. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi anavyotaka wakati wa masomo. Tangu Julai 2023 kikomo ni saa 48 kwa wiki mbili. Analipwa kwa saa, na akiwa kibarua asiye na likizo anaongezewa asilimia 25 juu ya kiwango cha kawaida, kufidia hiyo likizo asiyoipata. Halafu ukija Jumamosi, malipo yanapanda. Ukija Jumapili, yanapanda zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Msimamizi wangu akitaka nisafishe vyoo siku ya Jumapili, alikuwa anapiga hesabu kwanza. Mara nyingi hesabu ilimwambia anikaushie tu hadi Jumatatu. Hakuwa mtu mwema kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye bajeti. Lakini Jumapili yangu, mimi mfagiaji kutoka Buseresere, ilikuwa na bei.

Basi nikawa na Jumamosi na Jumapili, na mji wenyewe umejengwa kwa kutegemea kwamba watu watakuwa nazo. Tangu 2024, Jumapili mwenye kadi ya usafiri anapanda basi na treni za mji bure. Kwenye bustani kuna majiko ya umeme ya kuchomea nyama, ya umma, hulipi senti. Unakuja na soseji zako, unabonyeza kitufe, unachoma, unafuta, unamwachia anayefuata. Mara ya kwanza nilisubiri mtu aje kunidai ushuru. Hakuja.

Jumamosi moja tulipanda boti kutoka Fremantle kwenda kisiwa cha Rottnest, kama nusu saa hivi baharini. Wenyeji wa asili, Wanoongar, wanakiita Wadjemup. Magari binafsi hayaruhusiwi, watu wanazunguka kwa baiskeli, na kuna kale kanyama kanakoitwa quokka ambako kila mtu anataka kupiga nako picha. Hiyo ndiyo picha iliyomkera shangazi. Ambacho hakikuonekana kwenye picha ni kwamba kuanzia 1838 kisiwa hicho kilikuwa gereza la Waaborijini. Wanaume na wavulana wapatao 3,700 walifungwa pale, na zaidi ya 370 walifia pale wakazikwa bila alama. Jengo la gereza hilo lilitumika kama sehemu ya hoteli ya watalii hadi 2018. Yaani mtu alikuwa analipia kulala likizo mahali ambapo mwingine alikufa kwa minyororo. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Wikiendi nyingine nilipanda treni kwenda Kalgoorlie, kilomita kama 600 mashariki ya Perth, karibu saa saba njiani. Mtu wa ukanda wa Geita akienda Australia asipofika Kalgoorlie ni sawa na Mhindu kufika India asiuone mto Ganges. Dhahabu iligunduliwa pale mwaka 1893 na Mwairishi Paddy Hannan na wenzake wawili. Mwanzoni ilikuwa rashi kama rashi zetu: mahema, vumbi, homa ya matumbo, na maji yanauzwa kwa bei ya kukufanya ulie, kama machozi yangekuwepo. Mwaka 1903, miaka 10 baada ya dhahabu, bomba la zaidi ya kilomita 500 likaleta maji kutoka bwawa lililo karibu na Perth. Leo barabarani kuna sanamu ya Hannan ameshika kiriba, na kiriba hicho kinatoa maji ya kunywa.

Shimo lenyewe, wanaloliita Super Pit, lina urefu wa kilomita kama tatu na nusu, upana wa kilomita moja na nusu, na kina cha zaidi ya mita 600. Nusu yake ilikuwa mali ya Barrick hadi 2019, Barrick hiyo hiyo tunayoijua kwa Bulyanhulu. Juu yake pamejengwa mahali pa wananchi kusimama na kutazama, bila kiingilio. Siku ile nilikuta wazee, watoto, na mama mmoja aliyebeba chai kwenye chupa, wanatazama malori yanavyopanda kama siafu. Nikawaza: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Ni wangapi kati yetu tuliokulia ukanda huu tumewahi kupata Jumapili ya kwenda kusimama tu na kutazama?

Sasa tuje kwenye hoja.

Watu wananiambia, "Wenzetu wameendelea, ndiyo maana wanapumzika." Hapana. Mmeligeuza. Soma historia yao. Aprili 21, 1856, waashi wa mawe waliokuwa wakijenga chuo kikuu cha Melbourne waliweka nyundo chini, wakaandamana hadi bungeni. Walikuwa wanafanya kazi hadi saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki. Walitaka saa nane za kazi, nane za kulala, nane za kuishi. Wakazipata, bila kukatwa mshahara. Wakati huo Australia haikuwa nchi bado. Lilikuwa kundi la makoloni ya Mwingereza, na moja kati yake lilikuwa bado linapokea wafungwa waliosafirishwa kwa meli.

Na hapo Jumamosi bado walikuwa kazini! Wiki ya saa 40, ile iliyoifanya Jumamosi kuwa mali ya mfanyakazi, ilianza nchi nzima Januari 1, 1948. Kutoka 1856 hadi 1948 ni miaka 92 ya kugoma, kwenda mahakamani, kupiga kura, kushindwa, kurudi tena. Hakuna Mzungu aliyeamka asubuhi akakuta wikiendi imewekwa mlangoni kama chupa ya maziwa.

Mbishi atasema, wale walikuwa na nguvu kwa sababu ya dhahabu: ilipogunduliwa Victoria mwaka 1851 vibarua wote walikimbilia machimboni, mafundi wakawa adimu, tajiri akalazimika kusikiliza. Ni kweli kabisa, nakubali. Mtu adimu husikilizwa. Sisi dhahabu tunayo, ila vijana hapa Buseresere si adimu. Ukimfukuza mmoja asubuhi, mchana wamekuja sita kuulizia nafasi. Ndiyo maana kwetu kazi hiyo inabidi ifanywe na sheria, kwa kuwa soko halitaifanya. Nitaifikia sheria.

Kwanza turudi kwa waliozikwa Wadjemup. Ile haki ya 1856 haikuwa ya watu weusi wa Australia. Karibu miaka 90 baadaye, kwenye mashamba ya mifugo ya Pilbara, kaskazini ya jimbo hilo hilo nililoishi, Waaborijini walikuwa wanachunga na kujenga uzio, na wengi malipo yao yalikuwa unga, chai, sukari na nguo. Mei 1, 1946, mamia yao waliacha kazi kwa siku moja, shamba baada ya shamba. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo viongozi wao walisambaza kalenda za kuhesabia siku, ili wote wafike tarehe ile pamoja. Mgomo ulidumu hadi 1949. Jambo la kushangaza ni hoja ya matajiri wao. Walisema: hawa tunawalisha, tunawavisha, wanalala kwetu, mshahara wa nini?

Umewahi kusikia hoja hiyo mahali? Mimi nimeisikia Sinza. Nimeisikia Mbezi Beach. Nimeisikia Capri Point pale Mwanza, sebuleni kwa watu wenye shahada mbili, mbele ya luninga inayoonyesha mpira wa Uingereza. "Dada wa kazi? Si anakula hapa hapa? Si analala hapa hapa? Hana hata nauli ya kupanga."

Ndiyo, nimefika kwako wewe unayesoma. Ulidhani leo nawasema wenye migodi tu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema hivi: siku sita za kazi kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Zikizidi, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kila wiki mfanyakazi ana mapumziko ya saa 24 mfululizo, na ukimfanyisha kazi ndani ya mapumziko hayo unamlipa mara mbili. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Jeshi, polisi, magereza na JKT wametolewa humo. Dada wa kazi hakutolewa. Mhudumu wa baa hakutolewa. Kijana wa duka la simu hakutolewa.

Kwa hiyo Jumapili ya Mtanzania nayo ina bei, na bei hiyo imeandikwa zaidi ya miaka 20 sasa. Tunachofanya ni kuichukua bila kulipa. Kwa Kiswahili kitendo hicho kina jina, nanyi mnalijua.

Tazama hapa nyumbani. Katoro na Buseresere zimeshikana hadi mgeni hajui ni wapi ametoka wilaya ya Geita akaingia Chato. Ni mji wa biashara, haulali, na tunajisifia hivyo: "Huku hatulali!" Nani halali? Kijana wa karasha anasaga mawe mchana na usiku. Mashine ikipata moto inazimwa ipoe. Yeye akipata moto anaambiwa mvivu. Binti anayehudumu kwenye hoteli moja ya chakula karibu na stendi anaamka kabla ya basi la kwanza, na anafunga baada ya mteja wa mwisho wa chipsi. Alikuja kutoka Kibondo mwaka juzi. Nikamuuliza kama ameshafika Chato kuliona ziwa, maana si mbali. Akacheka. Ziwa Victoria analijua kwa samaki anaowakaanga.

Mtaniambia mwenye hoteli naye hapumziki. Kweli, na huyo simlaumu sawasawa na wengine. Mama lishe aliyejiajiri akilala Jumapili, Jumatatu hana mtaji. Lakini akiwa na wasichana watatu, kupeana zamu kunahitaji mtaji gani? Leo anapumzika huyu, kesho yule. Hesabu ya darasa la pili. Tunashindwa kwa sababu hatujawahi kuiona siku ya mwenzetu kuwa ni mali yake.

Na sisi wasomi ndio wabaya zaidi, kwa sababu sheria tunaijua. Nazungumzia hata fani yangu. Kuna chumba cha habari kimoja, sikitaji, ambako mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka, na Jumapili saa nne usiku mhariri anamtumia ujumbe, "Bado tu?" Australia, tangu Agosti 2024, sheria inampa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe wa bosi nje ya saa za kazi, ila kama kukataa kwake hakuna msingi. Niliposimulia hilo kwa waandishi wenzangu walicheka hadi machozi. Halafu asubuhi yake mmoja wao akaandika makala kali sana kuhusu haki za wafanyakazi wa migodini. Nzuri sana. Aliiandika Jumapili, hakulipwa ziada, na nyumbani dada alikuwa anamfulia.

Tunaambiwa kila siku tufanye utalii wa ndani. Mabango yapo, matangazo yapo. Mwaka 2022 Rais Samia alizindua filamu ya The Royal Tour, dunia ikaonyeshwa vivutio vyetu. Sipingi hata kidogo. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kipo hapa hapa ziwani, kina hata sokwe walioletwa miaka ya 1960. Burigi-Chato ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linavusha watu kwenda Mwanza bila kusubiri kivuko. Nchi imefunguka. Lakini kwenye matangazo yote hayo sijamsikia mtu akiuliza swali moja jepesi: waende siku gani?

Mwambie yule binti wa stendi afanye utalii wa ndani. Siku gani? Mwambie mlinzi wa usiku wa pale petroli stesheni. Siku gani? Mwambie dada wa kazi anayewalea watoto wako ili wewe uende Zanzibar ukapige picha Forodhani. Siku gani, ndugu yangu?

Najua jibu lingine: "Ukimpa off atakwenda kwa wanaume, atapata mimba, atakuibia." Jamani. Kwanza, mtu mzima akitoka anakokwenda ni shauri lake, kama wewe unavyotoka Ijumaa na mkeo hajui uko Kijitonyama au Kigamboni. Pili, kumfungia mtu ndani siku 365 kwa kuogopa atakachofanya nje kuna jina, na jina hilo si ajira. Wale wa Rottnest nao waliambiwa wanafungiwa kwa faida yao wenyewe.

Kuna pia wanaosema haya ni mambo ya kigeni. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulikuwa wa kigeni? Ulianzia kwenye meli ukapanda reli kwenda bara, mji kwa mji, na watu hawa hawakuwa wamesoma Melbourne. Vyama vya wafanyakazi vilisimama bega kwa bega na TANU kudai uhuru, na Rashidi Kawawa, waziri mkuu wetu wa pili, alitokea huko kwenye vyama. Leo kuna CHODAWU, chama ambacho wafanyakazi wa mahotelini na majumbani wanaweza kujiunga nacho. Dada wa kwako amewahi kulisikia jina hilo? Nani angemwambia, kama si wewe unayesoma magazeti?

Sitaki kuwadanganya kwamba Australia ni peponi. Kuna wachimbaji kule wanaosafirishwa kwa ndege kwenda migodini, wanakaa wiki mbili jangwani mbali na watoto wao, Jumapili wanaisikia redioni. Kuna wageni wanaolipwa chini ya kiwango na wanaogopa kusema. Lakini wakiporwa siku yao, wanajua wameporwa. Kwetu aliyeporwa anasema asante kwa kupewa kazi.

Kwa hiyo shangazi, na ninyi washikaji wa Dar, jibu langu ni hili. Nilienda kusoma, na Jumamosi vilevile nilikuwa nasoma. Nilisoma kwamba kupumzika ni sehemu ya ujira, kama shilingi zenyewe. Mkinionea wivu kwa picha zile, sawa, oneeni. Ila wivu wenye faida ni ule unaokufanya udai cha kwako, na umpe mwenzako cha kwake.

Tunaanzia wapi? Tuanzie jikoni kwako. Mtajie dada siku yake, ile ile kila wiki, mbele ya watoto ili nao wajue. Iandike ukutani. Siku hiyo mshahara haukatwi, simu hapigiwi, na sufuria za jana usiku hazimsubiri Jumatatu asubuhi. Mpe na nauli mara ya kwanza, maana mtu ambaye hajawahi kuwa na siku hajui aipeleke wapi. Kama una duka, bandika zamu. Kama una karasha, weka vijana wa kupokezana. Kama wewe ni mhariri, lala.

Ukishindwa kufanya hivyo, basi usiniandikie tena "happy weekend". Sema tu Jumamosi.

Naomba kutoa hoja.